Kibla, Kivuli na Maji ya Bamvua: Kumfundisha Jiografia Mtoto wa Pwani ya Kusini

Mtoto aliyezaliwa Kilwa Kivinje, akakulia baina ya mikoko na nyumba kongwe za mawe zinazoitazama bahari, huingia darasani akiwa amekwisha kuujua ulimwengu kwa kadiri ambayo mwalimu wake aghalabu haitambui. Anajua kaskazi ikianza kuvuma ni majira gani, na kusi ikishika ni majira gani. Anapambanua maji ya bamvua na maji mafu, kwa sababu siku za bamvua ndizo mama yake ateremkapo pamoja na wenziwe kutafuta pweza mwambani. Tena anajua ni kijito gani cha kuvuka kwa miguu asubuhi ambacho alasiri hakivukiki ila kwa mtumbwi. Kisha hufunguliwa kitabu, akaambiwa kwamba leo ndipo anapoanza kusoma jiografia, kana kwamba yote aliyoyajua kabla ya hapo hayakuwa elimu.

Mimi nilifundishwa kwa namna hiyo. Nilikariri mito mikubwa ya Marekani pamoja na matawi yake, nikapata alama nzuri katika mtihani, ilhali Matandu, mto ambao maji yake ya matope niliyaona kila masika yakiingia baharini karibu na kwetu, sikupata kusikia ukitajwa darasani hata mara moja. Simlaumu mwalimu wangu, maana naye alipewa kitabu na hakupewa kingine. Lakini miaka mingi ilipita kabla sijatambua kwamba Mississippi na Matandu ni habari moja, na kwamba laiti ningalianza na ule mdogo, mkubwa ungalinijia wenyewe.

Basi nawaandikia walimu wa shule za msingi, pamoja na wazazi, katika pwani hii inayoanzia Somanga hadi Lindi mjini na kuendelea, nikiwa na shauri moja tu, ijapokuwa nitalizungusha kwa mifano mingi: kila somo la jiografia lianze na jambo ambalo mtoto analo jina lake nyumbani, ndipo lifuate neno la kitabu. Vifaa vya kazi hiyo aghalabu havinunuliwi, na furaha ya watoto haihitaji kutafutwa mbali, kwa kuwa hakuna mtoto asiyefurahi kuulizwa jambo analolijua.

Tuanze na pande nne za dunia, maana katika jambo hili tumejaaliwa tunu ambayo walimu wa miji mingi hawanayo. Makka, na Kilwa, na Lindi, miji yote mitatu imo baina ya nyuzi za longitudo 39 na 40 mashariki, hata mtu asimamaye katika pwani yetu akaelekea kibla huwa ameelekea kaskazini barabara, bila ya kupinda kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Ndiyo sababu mihrabu ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani iko upande wa kaskazini, na ndiyo sababu wazee wa pwani walilitumia neno kibla kuutaja upande huo hata walipokuwa wakizungumzia shamba au chombo, wala si sala. Watoe watoto uwanjani, uwaambie wote kwa pamoja wanyoshe mkono kuelekea kibla. Wataelekeza sawasawa, na wasio Waislamu pia, kwa kuwa msikiti wa jirani wanauona kila siku. Mstari huo uchoreni chini kwa chokaa, kisha mkate mstari wa pili juu yake, na dira yenu imekamilika.

Hapo ndipo pa kuwapa majina ya kale ya mabaharia: jaa kwa kaskazini, suheli kwa kusini, matlai kwa mashariki. Jaa na suheli ni nyota kabla ya kuwa pande. Suheli huonekana vizuri kwetu, iking'aa katika anga ya kusini usiku wa Februari na Machi, na mzazi anaweza kumwonyesha mwanawe akiwa amekaa barazani. Jaa haionekani Kilwa kamwe, kwa kuwa sisi tuko takriban nyuzi 9 kusini ya ikweta na nyota hiyo imesimama juu ya ncha ya kaskazini. Babu zetu waliosafiri kwenda Arabuni waliiona ikichomoza ukingoni mwa bahari baada ya kuivuka ikweta, ikapanda juu kila walipozidi kwenda mbele. Mtoto akiuliza ni kwa nini nyota ijifiche huku na ionekane kule, usimjibu haraka. Mpe chungwa na mdudu chungu, umwache amtazame mdudu akitembea juu ya chungwa, kisha umwulize mdudu huyo anaona nini na haoni nini. Nimewaona watoto wa darasa la nne wakilifikia jambo la umbo la dunia kwa njia hiyo, nao wakalishika barabara kuliko wale waliosomewa kwamba dunia ni mviringo.

Chombo cha pili ni kijiti. Kisimamishe wima mahali pasipo kivuli cha mti wala cha paa, kijiti cha urefu wa meta moja kamili, na kuanzia saa tano mchana watoto waweke kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila baada ya dakika kumi. Watakiona kivuli kikifupika, kisha kikaanza kurefuka tena. Nacho kinapokuwa kifupi kuliko nyakati zote, hulala juu ya ule mstari wa kibla mliouchora kwa chokaa. Kuanzia mwishoni mwa Februari hadi katikati ya Oktoba kivuli hicho huangukia upande wa kusini, na miezi iliyosalia huangukia upande wa kaskazini. Katikati ya majira hayo mawili, kwa Kilwa zikiwa ni siku chache za mwisho wa Februari na siku chache za katikati ya Oktoba, jua hupita utosini na kijiti hukosa kivuli kabisa. Nawasihi walimu wasiache siku hizo zikapita bure. Mtoto asimame uwanjani, ajitafute kivuli, akikute kimejikunyata chini ya nyayo zake; hatasahau tena kwamba jua huhama kwenda kusini na kurudi kaskazini kila mwaka, wala hatachanganya sababu za majira.

Na kama mwalimu ana jamaa au rafiki afundishaye Tanga, wanaweza kuipima dunia nzima kwa vijiti viwili na barua moja. Karne ya 3 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, mwanachuoni Eratosthenes aliyekuwa Iskandaria ya Misri alitumia habari ya kwamba siku fulani jua hupita utosini kule Aswan, naye akapima kivuli Iskandaria siku hiyo hiyo, akaupata mzunguko wa dunia kwa hesabu. Sisi tunaweza kufanya vivyo hivyo, kwa sababu Tanga na Lindi zinakaribia kuwa katika longitudo moja. Katika siku za Februari ambazo kijiti cha Lindi hakina kivuli, kijiti cha meta moja cha Tanga hutoa kivuli cha sentimeta kama nane na nusu wakati wa adhuhuri, nacho huangukia kaskazini. Wanafunzi wakubwa wakichora pembetatu hiyo kwa rula na kuipima pembe yake, watapata nyuzi 5 hivi, ambazo ni kama sehemu moja katika 72 ya duara. Masafa ya Lindi na Tanga kwa mstari ulionyoka juu ya ramani yanakaribia kilomita 550. Wazidishe. Watapata karibu kilomita 40,000, na huo ndio mzunguko wa dunia. Makosa kidogo yatakuwapo, nayo yasifichwe, kwa kuwa kutafuta kosa limeingilia wapi ni nusu ya elimu yenyewe.

Sasa nije kwenye ramani, jambo ambalo moyo wangu unalipenda kupita yote. Mtoto hupewa ramani ya Tanzania iliyochapwa, akaambiwa ainakili, naye hunakili mistari asiyojua maana yake. Ramani ya kwanza na ichorwe mchangani, na itoke kichwani mwa watoto wenyewe. Mwalimu atazame kalenda ya mwezi, achague asubuhi ya bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji hupwa mbali na mchanga ukabaki wazi mpana na laini. Watoto wa Kilwa waijenge bandari yao: rasi ya Masoko kwa mchanga uliorundikwa, Kisiwani mbele yake, Songo Mnara na Sanje ya Kati upande wa kusini, Kivinje upande wa kaskazini pamoja na mdomo wa Matandu, na Songo Songo peke yake kule baharini. Makombe yawe nyumba, vifuu viwe majahazi, vijiti vya mkandaa viwe misitu ya mikoko. Wataanza kubishana: huyu atasema Songo Mnara ni kubwa kuliko alivyoichora mwenzake, yule atasema mjomba wake huondoka na ngalawa kutoka hapa wala si pale. Mwalimu asiamue. Mabishano hayo ndiyo somo, nayo huwafundisha vipimo na masafa bila ya kuyataja.

Kisha wasubiri maji yajae. Bahari itaingia kwanza katika mabonde mliyoyachora kuwa mito, na vidomo vya mito vitapanuka vikawa ghuba, na vilima vikawa visiwa. Waambie kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli. Mkono wa bahari unaoingia ndani kule Lindi, ambamo vyombo hupata kimbilio, ni bonde la mto Lukuledi lililozama wakati barafu za zama za kale zilipoyeyuka na bahari ikapanda zaidi ya meta mia moja duniani kote. Nayo maji mapana ya Kilwa yaliyowafaa wafanyabiashara kwa karne nyingi yana asili ya jinsi hiyo hiyo. Katika kitabu habari hii ingejaza ukurasa mzima. Mchangani, mtoto huiona kwa muda wa nusu saa, na maji yakiwa yanamgusa vidole.

Katika jambo hili usalama hauna mjadala. Kazi ianze maji yakiwa bado yanatoka na wala si yakirudi, watoto wahesabiwe wanaposhuka na wanapopanda, na awepo mvuvi au mama mmoja mzoefu wa ufuo huo, maana vijito vya mikokoni hujaa kutoka nyuma kabla ya mgeni kutambua. Mama huyo, fauka ya ulinzi, ni mwalimu wa pili: mwombe awatajie mkoko, msinzi, mkandaa, mchu na mlilana, na awaeleze upi huota mbele kabisa penye maji na upi hukaa nyuma penye chumvi kavu. Ataeleza kwa dakika kumi jambo ambalo mimi lilinigharimu vitabu viwili.

Shule iliyo karibu na maji ichomeke nguzo yenye alama za rangi kila nusu meta, na zamu ya kusoma alama hizo igawanywe kwa watoto kwa muda wa mwezi mzima, saa ikiandikwa pamoja na sura ya mwezi. Wataona wenyewe kwamba kujaa kwa maji huchelewa kila siku kwa dakika kama 50, na kwamba bamvua hufuata mwezi. Daftari hilo lihifadhiwe, kwani darasa la mwaka ujao litataka kulilinganisha na lake.

Kipimo cha mvua ni rahisi zaidi, nami sitakaa sana juu yake: chupa ya maji ya plastiki yenye ubavu ulionyooka, iliyokatwa shingo na shingo hiyo ikapinduliwa ndani kama mrija wa kumiminia, ikiwa imefungwa kwenye mti wa ua, pamoja na rula. Lakini watoto waambiwe kipimo hicho kina thamani gani, na mfano wake uko katika mkoa wetu. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga nchini mwetu, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, mamilioni ya pauni yakatumika, bandari ya Mtwara ikajengwa na reli ikatandikwa kuelekea Nachingwea; na kabla ya miaka mitano kwisha mpango ukavunjwa. Kule Kongwa mvua haikuwa ya kutegemewa, na udongo wake wa mfinyanzi, ukikauka, ulikuwa mgumu hata karanga hazikung'oleka. Chupa na rula, zikisomwa kwa miaka ya kutosha pamoja na masikio ya kuwasikiliza wenyeji, zingesema mapema yale yaliyokuja kujulikana baada ya hasara.

Magofu ya Kisiwani aghalabu hutembelewa kwa ajili ya tarehe, na watoto hurudi na majina ya masultani. Mimi ningependa waende pia kwa ajili ya jiografia. Wapapase ukuta watambue kwamba ni matumbawe yaliyotolewa baharini, na chokaa yake ni matumbawe yaliyochomwa. Wasimame katika Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, juu ya jabali linalotazama maji, wajiulize ni kwa nini alijenga hapo. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331 katika zama za sultani huyo, kisha akapanda chombo kwenda Dhofar. Watoto watafute ni upepo upi ulimfikisha na upi ulimwondoa. Dhahabu ya Sofala ilipita hapa, kwa kuwa chombo kilichotoka Arabuni au Bara Hindi kiliweza kufika Kilwa na kurudi kwao ndani ya majira ya pepo mbili, lakini kwenda mbali zaidi kusini kulimtia nahodha katika hatari ya kukwama mwaka mzima. Vigae vya Uchina vinavyoonekana chini vitazamwe, vichorwe, viachwe palepale. Mtoto afundishwe kwamba kigae kilichotiwa mfukoni kimekwisha kupoteza nusu ya habari zake. Tena waonyeshwe ufuo unavyoliwa na mawimbi karibu na majengo, kwa kuwa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, zilikaa miaka kumi, kutoka 2004 hadi 2014, katika orodha ya urithi ulio hatarini, na mmomonyoko ulikuwa miongoni mwa sababu.

Mkirudi darasani, tundikeni ramani ya dunia, hata ikiwa imechorwa kwa mkono juu ya gunia, mtie misumari na nyuzi. Uzi mmoja utoke Kilwa hadi Zimbabwe Kuu, ambako fulusi yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana. Wa pili uende hadi visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, ambako askari mmoja mwaka 1944, katika siku za vita, aliokota mchangani sarafu ambazo tano kati yake zilikuwa za Kilwa. Namna zilivyofika huko haijathibitishwa hata leo. Basi kila mtoto atunge njia yake, na aitetee kwa pepo na mikondo ya bahari. Wa tatu utoke Songo Songo, ambako gesi iligunduliwa mwaka 1974, hadi Dar es Salaam, ambako tangu mwaka 2004 inazalisha umeme.

Kwa walimu wa Lindi kuna Tendaguru. Katika kilima hicho, kaskazini-magharibi ya mji, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia mwaka 1909 hadi 1913, na wapagazi wa nchi hii wakaichukua vichwani mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Msimamizi mmoja mashuhuri wa kazi hiyo alikuwa Boheti bin Amrani, na jina lake linastahili kutamkwa darasani. Kiunzi kikubwa kimesimama Berlin hadi leo, kimo chake kikizidi meta 13. Watoto wapime kamba ya urefu huo, wailinganishe na mnazi wa uwanjani. Kisha waulizwe ni kwa nini katika mawe hayo hayo, yaliyo mbali na pwani ya leo, mna makombe ya baharini. Majibu yao yataanza kwa mzaha na kwisha kwa kimya cha kufikiri, maana watakuwa wameanza kuelewa kwamba pwani nayo huhama.

Simu ya mwalimu yenye picha za setilaiti ni neema, ila nashauri itolewe mwisho, baada ya ramani ya mchanga, ili watoto waikague kazi yao wala wasiinakili ya mwingine. Sokoni pia kuna darasa: kila mtoto achague kitu kimoja, kitunguu, chumvi, ufuta, dagaa, amwulize mwuzaji kwa adabu kimetoka wapi na kwa njia gani, kisha uzi mwingine uongezwe katika ramani ya gunia.

Nimeuweka nyuma mchezo usiohitaji hata kijiti. Sote tumekua na vitendawili, na sote tunajua kwamba aliyeshindwa kutegua huambiwa atoe mji, na mtegaji husafiri hadi mji huo kabla ya kutoa jibu. Wazee wetu walituachia somo la jiografia, nasi tumelitumia kwa kupitisha wakati tu. Darasani, mwenye kupewa mji asiruhusiwe kufika kwa kuruka. Akipewa Dar es Salaam kutoka Lindi, apite Mchinga, Kiranjeranje, Nangurukuru, Somanga, avuke Rufiji kwa Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003, aseme Ikwiriri aliona nini kinauzwa na Kibiti alikula nini; akisahau kituo, hurudi alikotoka. Akipewa mji wa ng'ambo, ataje chombo, upepo na mwezi.

Desemba moja, katika darasa la tano nililokuwa nikilifundisha, binti mmoja mpole ambaye hakuwahi kutoka Kivinje alipewa Maskati. Wenziwe walingoja aanze safari. Alinyamaza kitambo, akatazama dirishani minazi inavyoinama, kisha akasema, "Sijaondoka. Kaskazi ndiyo kwanza imeshika. Nipeni Sofala, au mnisubiri hata kusi ianze."